Mtumishi wa ndani, kinga ya kibalozi na mlango wa mahakama

WAFANYAKAZI wa ndani wanaosafiri kwenda nchi za nje kuwatumikia wanadiplomasia wamo katika hali ya pekee kisheria. Mkataba wa ajira huwapa kima cha chini cha mshahara, saa maalumu za kazi na siku ya mapumziko. Sheria za nchi wanakokwenda huwaruhusu kukaa na pasipoti zao wenyewe. Lakini haki hizo zinapovunjwa, anayepaswa kushitakiwa huwa ni mtu ambaye mahakama za nchi hiyo hazina mamlaka juu yake.

Kwa takriban miaka 30 sasa, mawakili na vyama vya kutetea wafanyakazi katika Marekani, Uingereza, Ufaransa na kwingineko wamekuwa wakiupigania mlango huo uliofungwa. Mafanikio yao yamekuja polepole, na mengi yametokana na swali moja: je, kumwajiri mpishi, yaya au mfua nguo ni sehemu ya kazi ya ubalozi?

Jibu la swali hilo linaigusa Afrika Mashariki kwa pande mbili. Maofisa wa balozi za eneo hili wamewahi kuwa wadaiwa au watuhumiwa katika mashauri ya namna hiyo ughaibuni. Aidha Nairobi, yaliko makao makuu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNEP na UN-Habitat, na Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ni miji yenye waajiri wengi wanaofurahia kinga na wenyeji wengi wanaofanya kazi katika nyumba zao.

Kinga ilivyowekwa

Msingi wa kinga hiyo ni Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kibalozi, uliokubaliwa Aprili 1961 na kuanza kutumika mwaka 1964. Karibu nchi zote duniani ni wanachama wake. Tanzania iliuingiza katika sheria zake kwa Sheria ya Kinga na Haki za Kibalozi ya mwaka 1986, na Kenya kwa Sheria ya Haki na Kinga, Sura ya 179.

Ibara ya 29 inasema kwamba mwanadiplomasia hawezi kukamatwa wala kuwekwa kizuizini. Ibara ya 31 inamwepusha na mashitaka yote ya jinai na karibu mashauri yote ya madai katika nchi mwenyeji. Ubalozi hauwezi kuingiliwa na askari bila idhini ya mkuu wake, na nyumba anamoishi mwanadiplomasia inalindwa vivyo hivyo.

Sababu ya kinga hiyo ni ya maana. Bila ya kinga, serikali yenye chuki na nchi nyingine ingeweza kuwabambikia kesi mabalozi wake na kuyavuruga mazungumzo kati ya mataifa. Utangulizi wa mkataba wenyewe unatamka kwamba lengo si kumnufaisha mtu binafsi, bali ni kuwezesha kazi za ubalozi zitendeke ipasavyo. Nayo Ibara ya 41 inamtaka kila mwenye kinga aheshimu sheria za nchi aliyomo.

Mkataba umeacha mianya michache, na ndiyo ambayo mawakili wa wafanyakazi wameitumia. Wa kwanza ni Ibara ya 31 yenyewe, inayoondoa kinga katika shauri linalotokana na shughuli ya kitaalamu au ya kibiashara anayoifanya mwanadiplomasia nje ya kazi yake rasmi. Wa pili ni Ibara ya 39, inayosema kwamba utumishi wake unapokwisha na akaondoka nchini, kinga hubaki kwa matendo ya kikazi tu. Wa tatu ni Ibara ya 32, inayoipa nchi iliyomtuma uwezo wa kumwondolea kinga kwa tamko la wazi.

Hata hivyo, si kila mwenye gari la namba za kibalozi ana kinga kamili. Maofisa wa konseli wanaongozwa na mkataba mwingine wa Vienna, wa mwaka 1963, unaowalinda kwa matendo ya kikazi tu. Watumishi wengi wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia nao wana kinga ya namna hiyo hiyo. Kwa mfanyakazi anayetaka kudai mshahara wake, jambo la kwanza ambalo wakili hulichunguza ni cheo halisi cha mwajiri wake siku shauri linapofunguliwa.

Mfano mmoja ulitikisa uhusiano wa Marekani na India. Mwezi Desemba 2013, Naibu Konseli Mkuu wa India mjini New York alikamatwa akituhumiwa kutoa maelezo ya uongo kuhusu mshahara wa mtumishi wake katika maombi ya viza. Kwa cheo hicho hakuwa na kinga ya kumzuia askari. India ilimhamishia katika ujumbe wake wa Umoja wa Mataifa, akapata kinga kamili, na Januari 2014 akaondoka Marekani.

Milango ilipofungwa

Kesi iliyoweka msimamo wa Marekani kwa muda mrefu iliamuliwa mwaka 1996. Mfanyakazi kutoka Ufilipino alimshitaki mwanadiplomasia wa Jordan akidai alilipwa chini ya kima kilichowekwa na kulazimishwa kufanya kazi saa nyingi. Mawakili wake walisema kumwajiri mtu kwa mshahara ni biashara, hivyo mwanya wa Ibara ya 31 ulihusika.

Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ilikataa hoja hiyo. Ilisema kuwa na mtumishi nyumbani ni sehemu ya maisha ya kawaida ya mwanadiplomasia na si shughuli ya kibiashara anayojitafutia faida. Uamuzi huo ulifuatwa na mahakama nyingine. Mwaka 2009, shauri la wanawake 3 kutoka India dhidi ya ofisa wa kijeshi wa ubalozi wa Kuwait mjini Washington lilimfutia madai ofisa huyo kwa sababu hiyo hiyo.

Ukubwa wa tatizo ulianza kupimwa rasmi mwaka 2008. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti iliyobaini wafanyakazi wa ndani 42 waliolalamika, tangu mwaka 2000, kwamba walinyanyaswa na wanadiplomasia wenye kinga. Ripoti ilieleza kuwa idadi halisi huenda ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa wengi huogopa kujitokeza na serikali yenyewe haikuwa na kumbukumbu zilizokusanywa mahali pamoja.

Hofu hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Mfanyakazi wa mwanadiplomasia huingia Marekani kwa viza inayoitwa A-3, na wa ofisa wa shirika la kimataifa kwa G-5. Viza hizo humfunga kwa mwajiri mmoja. Akitoroka kipigo au njaa, siku hiyo hiyo anapoteza kazi, malazi na kibali cha kuwamo nchini. Lugha ya mtaani mara nyingi haijui, na mwajiri huwa ndiye mtu pekee anayemfahamu.

Shauri lililoihusu Tanzania

Mwaka 2007, mwanamke wa Kitanzania alifungua shauri katika mahakama ya shirikisho mjini Washington dhidi ya ofisa wa ubalozi wa Tanzania na mkewe. Alidai kwamba aliletwa Marekani mwaka 2000 kufanya kazi za ndani, akanyang'anywa pasipoti, na kufanyishwa kazi kwa takriban miaka 4 bila ya kulipwa. Alidai pia kwamba alitumikishwa katika biashara ya upishi ya familia hiyo.

Wadaiwa hawakulikabili shauri kwa wakati, na mwaka 2008 mahakama ilitoa hukumu ya upande mmoja iliyompa mfanyakazi huyo zaidi ya dola milioni 1. Ofisa huyo aliondoka Marekani bila ya kulipa.

Hapo ndipo ulipoonekana ugumu ambao kila wakili wa wafanyakazi anaufahamu. Kushinda shauri ni hatua moja. Kukaza hukumu ni nyingine. Mali ya mdaiwa iko nchi nyingine, mishahara yake inatoka hazina ya taifa lake, na nyumba aliyokuwa akiishi haikuwa yake. Baada ya miaka ya mawasiliano kati ya serikali mbili, Serikali ya Tanzania ilimlipa mfanyakazi huyo sehemu ya fedha hizo.

Malawi nayo ilipitia njia hiyo. Mwaka 2016 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Maryland ilimwamuru ofisa wa zamani wa ubalozi wa nchi hiyo amlipe mfanyakazi wake wa ndani zaidi ya dola milioni 1. Fedha hazikulipwa. Mwaka 2019 Marekani ilisimamisha utoaji wa viza za A-3 kwa wafanyakazi wa wanadiplomasia wa Malawi.

Sheria ya mwaka 2008

Hatua hiyo dhidi ya Malawi iliwezekana kwa sababu ya kazi iliyofanywa nje ya vyumba vya mahakama. Mwezi Novemba 2007, chama cha kutetea haki za kiraia cha ACLU na wenzake walipeleka malalamiko ya wafanyakazi 6 wa wanadiplomasia mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Walidai kwamba Serikali ya Marekani yenyewe ilishindwa kuwalinda. Wakati huo huo vyama kama CASA of Maryland vilikuwa vikiwapokea wanawake waliotoroka katika nyumba za mabalozi na kupeleka habari zao bungeni.

Desemba 2008 Marekani ilipitisha sheria mpya dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, iliyopewa jina la William Wilberforce, Mwingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Sheria hiyo haikugusa kinga ya mtu yeyote, kwani Mkataba wa Vienna hauruhusu. Ilichokigusa ni viza, ambayo nchi mwenyeji ina hiari ya kuitoa au kuizuia.

Chini ya sheria hiyo, Waziri wa Mambo ya Nje anatakiwa kusimamisha viza za watumishi wa ubalozi wowote ikiwa kuna ushahidi wa kuaminika kwamba wafanyakazi wamenyanyaswa na ubalozi umelivumilia jambo hilo. Marekebisho ya baadaye yaliihesabu hukumu ya mwisho isiyolipwa kuwa miongoni mwa ushahidi huo. Aidha mfanyakazi anayefungua shauri anaweza kuruhusiwa kubaki nchini na kufanya kazi mpaka shauri lake liishe.

Masharti ya kuingia nayo yalikazwa. Kila mwombaji wa viza hizo anatakiwa kuwa na mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha anayoielewa. Mkataba huo hueleza mshahara, saa na siku za mapumziko, na humzuia mwajiri kukaa na pasipoti ya mfanyakazi. Katika mahojiano ya viza mwombaji hupewa kijitabu cha haki zake. Mshahara hulipwa kwa hundi au kupitia benki, katika akaunti ya mfanyakazi mwenyewe, ili pawepo na kumbukumbu.

Wizara ya Mambo ya Nje ikawa na silaha ambayo mabalozi wanaielewa vizuri. Mwanadiplomasia mmoja akikataa kulipa, wenzake wote katika ubalozi huo wanaweza kukosa wapishi na yaya kutoka nyumbani. Serikali iliyomtuma hupata sababu ya kumaliza jambo ambalo awali ililiita la binafsi.

Kusubiri mwajiri aondoke

Mwanya wa Ibara ya 39 ulipata nguvu mjini New York. Mwanamke kutoka India alimshitaki mwanadiplomasia wa Kuwait mwaka 2002, na shauri likatupwa kwa sababu ya kinga. Mwanadiplomasia alipomaliza muda wake na kuondoka, mawakili walilifungua upya mwaka 2006.

Septemba 2010, Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya New York iliamua kwamba kuwa na mtumishi wa ndani wa kibinafsi hakukuwa tendo la ujumbe wa kibalozi. Kwa hiyo kinga ilikuwa imekwisha siku mwajiri alipoacha wadhifa wake, na angeweza kujibu madai.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifikia jibu hilo hilo tarehe 18 Oktoba 2017. Mfanyakazi kutoka Ufilipino alidai kuwa mwaka 2011 alilipwa chini ya kima halali katika nyumba ya mwanadiplomasia wa Saudi Arabia mjini London, akanyang'anywa pasipoti na kuzuiwa kutoka. Mwajiri alikuwa ameondoka Uingereza mwaka 2014. Lord Sumption, aliyeandika hukumu kuu, alisema kumwajiri mtu wa kusafisha nyumba na kuhudumia mezani si tendo linalofanywa kwa niaba ya dola.

Ushindi huo ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, mfanyakazi analazimika kusubiri miaka. Katika mabaraza ya kazi ya Uingereza, kwa muda mrefu ukomo wa kufungua madai umekuwa miezi 3. Marekani, madai ya kawaida ya mshahara yana ukomo wa miaka 2 au 3, ingawa madai yanayotokana na usafirishaji haramu wa binadamu yamepewa miaka 10. Pili, mwajiri aliyekwisha kurudi kwao ni mgumu kumpata na mali yake ni ngumu kuishika.

Utumwa mamboleo kuwa biashara

Kwa sababu hiyo mawakili wa London walirudi kwenye mwanya wa kibiashara. Katika shauri la mwaka 2017, Lord Sumption na jaji mwingine mmoja waliona kwamba unyonyaji wa mtumishi si biashara, lakini majaji 3 waliobaki walitilia shaka maoni hayo na kuliacha swali wazi. Kituo cha sheria cha ATLEU na shirika la Kalayaan, linalowahudumia wafanyakazi wa ndani wahamiaji tangu mwaka 1987, waliiona fursa hiyo.

Fursa ilijitokeza katika shauri jingine dhidi ya mwanadiplomasia wa Saudi Arabia ambaye alikuwa bado na wadhifa wake wakati shauri lilipofunguliwa. Mfanyakazi wake alidai kwamba alifungiwa ndani na kuruhusiwa kutoka kutupa taka tu, kwamba alifanya kazi kuanzia saa 1 asubuhi hadi karibu saa 6 usiku, na kwamba alivalishwa kengele ili familia imwite saa yoyote. Madai hayo yalikuwa bado hayajathibitishwa. Swali la majaji lilikuwa iwapo, kama ni ya kweli, kinga ingeyazuia kusikilizwa.

Tarehe 6 Julai 2022, majaji 3 dhidi ya 2 walisema kinga isingeyazuia. Kwa maoni ya walio wengi, kumwajiri mtumishi kwa hiari yake na kumlipa kihalali ni sehemu ya maisha ya kila siku ya mwanadiplomasia. Lakini kumfungia mtu na kujipatia jasho lake bila ya malipo ni kujinufaisha kifedha kwa makusudi, na hiyo ni shughuli ya kibiashara chini ya Ibara ya 31.

Uamuzi huo ulikuwa wa kwanza wa aina yake katika mahakama ya ngazi hiyo. Uliupunguza ukuta wa mwaka 1996, ingawa haukuuondoa. Mfanyakazi anayepunjwa saa za ziada au kunyimwa likizo, bila ya kufikia kiwango cha utumwa, bado hawezi kumshitaki mwanadiplomasia aliyemo kazini. Majaji wawili waliopinga walionya pia kwamba nchi nyingine zinaweza kulipiza kisasi kwa mabalozi wa Uingereza.

Kinga ikiondolewa na isipoondolewa

Shauri la jinai lililohusu Uganda linaonyesha uzito wa Ibara ya 32. Lydia Mugambe, jaji wa Mahakama Kuu ya Uganda aliyekuwa pia jaji wa Umoja wa Mataifa, alikuwa akisoma Shahada ya Uzamivu ya sheria katika Chuo Kikuu cha Oxford alipokamatwa mwaka 2023. Alituhumiwa kumleta Uingereza mwanamke kijana wa Kiganda na kumfanyisha kazi za ndani bila ya malipo.

Kwa mujibu wa upande wa mashitaka, viza ya mwanamke huyo ilipatikana kwa msaada wa Naibu Balozi wa Uganda mjini London, kwa maelezo kwamba angekuja kufanya kazi kwa ofisa huyo. Umoja wa Mataifa uliondoa kinga ya jaji wake. Uganda haikuiondoa kinga ya Naibu Balozi, hivyo hakushitakiwa.

Machi 2025 Mugambe alitiwa hatiani, na Mei mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 6 na miezi 4. Sheria iliyotumika ilikuwa moja na ushahidi ulitoka kwa mashahidi wale wale. Kilichotofautisha hatima ya watu hao wawili mbele ya mahakama ni waraka wa kuondoa kinga, ambao mmoja aliupata na mwingine hakuupata.

Nchi mwenyeji kulipa

Ufaransa ilichukua mkondo mwingine. Mfanyakazi kutoka Indonesia aliyemtumikia mwanadiplomasia wa Oman katika shirika la UNESCO mjini Paris alishinda madai ya mishahara yake, lakini hukumu haikuweza kukazwa kwa sababu ya kinga. Alimgeukia mdaiwa mwingine: dola la Ufaransa.

Februari 2011, Baraza la Dola, ambalo ni mahakama ya juu ya mambo ya utawala nchini humo, lilikubali hoja yake. Lilisema Ufaransa imetia saini mikataba ya kinga kwa manufaa ya taifa zima, hivyo si haki gharama ya manufaa hayo ibebwe na mfanyakazi mmoja maskini. Serikali ikaamriwa kumfidia.

Uswisi, ambako mji wa Geneva una mamia ya ofisi za kimataifa, ilichagua kuzuia kabla ya kutibu. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2011 ziliweka mshahara wa fedha taslimu usiopungua faranga 1,200 kwa mwezi, mbali na chakula, malazi na bima. Geneva ina pia ofisi ya usuluhishi, iliyoanzishwa mwaka 1995, inayopokea migogoro kati ya wenye kinga na watumishi wao bila ya kulazimisha mtu kwenda mahakamani.

Nchini Ubelgiji na Austria mfanyakazi hutakiwa kufika mwenyewe kila mwaka katika wizara ya mambo ya nje kuchukua kitambulisho chake, bila ya mwajiri kuwapo. Katika mazungumzo hayo mafupi ofisa anaweza kumwuliza kama analipwa na kama pasipoti anayo mwenyewe.

Ubalozi wenyewe ukiwa mwajiri

Wapishi, madereva na wafagizi wanaoajiriwa na ubalozi, si na mwanadiplomasia binafsi, wanakabiliana na kizuizi tofauti kiitwacho kinga ya dola. Hapa anayeshitakiwa ni nchi nzima.

Siku ile ile ya Oktoba 2017, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua mashauri ya wafanyakazi wawili wa ndani, mmoja wa ubalozi wa Sudan na mwingine wa ubalozi wa Libya. Ilisema nchi haina kinga katika mikataba ya ajira ya watumishi wa kawaida ambao kazi yao haihusiani na mamlaka ya dola, na kwamba vifungu vya sheria ya Uingereza ya mwaka 1978 vilivyowazuia vilikiuka haki ya kusikilizwa. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2023.

Mambo yanayoamua shauri

Mafunzo ya mashauri haya yanafanana kutoka nchi hadi nchi. Mfanyakazi mwenye nakala ya mkataba wake, nje ya mikono ya mwajiri, ana pa kuanzia. Mara nyingi nakala hiyo huachwa kwa ndugu nyumbani kabla ya safari. Akaunti ya benki iliyo kwa jina lake huonyesha kilicholipwa na kisicholipwa. Daftari dogo la saa za kazi, hata likiandikwa kwa Kiswahili na penseli, limewahi kukubaliwa kama ushahidi pale mwajiri asipokuwa na kumbukumbu zake.

Mikataba miwili ni dalili ya hatari inayojulikana. Mmoja huonyeshwa ubalozini kwa ajili ya viza, ukiwa na mshahara unaotakiwa na sheria. Wa pili husainiwa kwa siri na kutaja kiasi kidogo. Mbele ya mahakama, ule wa viza ndio ambao mawakili huushikilia, na kuwapo kwa wa pili huwa ushahidi dhidi ya mwajiri.

Muda nao hauna huruma. Anayesubiri kwa miaka mwajiri abadili nia anaweza kukuta ukomo wa madai umepita. Nchini Marekani, aliyetumikishwa kwa nguvu anaweza pia kuomba viza ya T, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2000 kwa wahanga wa usafirishaji haramu. Uingereza iliwaruhusu wafanyakazi wa ndani kutoka nje kubadili mwajiri tangu mwaka 1998, ikaifuta haki hiyo Aprili 2012, na mwaka 2016 ikairejesha kwa kiasi tu, ndani ya miezi 6 ya viza yao.

Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika Septemba 2013, unawatambua wafanyakazi wa ndani kuwa wafanyakazi kama wengine. Hata hivyo, hakuna mkataba wa kazi unaofuta Mkataba wa Vienna.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya dawa imo mikononi mwa nchi zinazotuma mabalozi. Wizara ya mambo ya nje inaweza kukagua mkataba wa kila mtumishi kabla ya kuomba pasipoti na viza yake, kulipa hukumu na kuikata katika mshahara wa ofisa wake, au kumshitaki nyumbani ambako hana kinga. Inaweza pia, kwa tamko moja la maandishi chini ya Ibara ya 32, kuiondoa kinga na kuliacha shauri lisikilizwe. Hatua hiyo ya mwisho haihitaji sheria mpya wala fedha za bajeti, na katika mashauri yaliyotajwa hapa ndiyo iliyochukuliwa mara chache kuliko zote.